Usiache Mbachao: Laptopu Kongwe Bado Zina Kazi

Maneno ya Kamati ya Elimu mbele ya mkutano wa mwaka wa Jumuiya



Waheshimiwa masheha, wazee wetu, mama zetu wa vikundi vya mwani, walimu wa skuli na wa madrasa, vijana, na ndugu zetu mliosafiri kutoka mjini na kutoka ng'ambo kuja kukaa nasi leo: karibuni nyumbani. Kwanza tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima. Wenzetu waliotangulia mbele ya haki tunawaombea rehema.

Kila mwaka mkutano huu huulizwa swali moja: safari hii tuchangie nini? Kamati ya Elimu inaleta ombi ambalo kwa kulisikia mara ya kwanza litaonekana dogo. Hatuombi kompyuta mpya. Tunaomba mtusaidie kuzirudisha kazini zile zilizokwishafika Matemwe na sasa zimelala makabatini, katika maofisi na majumbani, kuanzia Kigomani hadi Mbuyu Tende, zikiitwa mbovu na hali nyingi si mbovu.

Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Tunaomba dakika chache tueleze mbachao wetu huu ukoje, umechakaa wapi, na kwa nini kuukunja na kuuweka kando kunatugharimu kuliko kuushona.

Kilichozeeka ni kipi?

Laptopu ina vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kipo chombo chenyewe: skrini, kibodi, prosesa, diski, betri. Na upo mfumo endeshi, yaani ile programu ya msingi inayoamka mwanzo unapobonyeza kitufe cha kuwasha, inayoiambia skrini ionyeshe nini, kibodi isikilizwe vipi na faili likawekwe wapi. Windows ni mfumo endeshi. Android iliyomo kwenye simu zenu ni mfumo endeshi. Kazi ya kuufuta mfumo wa zamani na kuweka mwengine safi, mafundi wa mjini wanaiita kupiga windo, na sisi tutaiita hivyo hivyo.

Wavuvi wetu watatuelewa upesi. Ngalawa ikiwa nzito majini, mtu haichomi moto siku hiyo hiyo. Anaitazama. Gogo ni zima? Mirengu imekaza? Basi pengine ni tanga ndilo lililooza. Hununua kitambaa, akashona tanga jengine, na chombo kikarudi baharini. Laptopu iliyotengenezwa mwaka 2013 au 2015, ikiwa skrini yake inaonyesha vizuri na kibodi inaandika, gogo lake ni zima. Mara nyingi tanga ndilo bovu.

Laptopu kongwe hulemewa kwa sababu tano, na kila moja ina dawa yake. Ya kwanza ni mrundiko wa programu zilizowekwa mwaka hadi mwaka, zinazoamka zote kwa pamoja. Ya pili ni virusi. Hizi mbili huondoka kwa kupiga windo. Ya tatu ni diski ya zamani ya kuzunguka, ambayo husoma kwa kijisindano kama santuri. Ukiitoa na kuweka diski ya SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka, mashine iliyokuwa ikichukua dakika nyingi kuwaka itawaka kwa sekunde. Ya nne ni RAM ndogo, ile kumbukumbu ya kazi ya papo kwa papo. Laptopu nyingi za zamani zina nafasi ya kuongezwa kipande kwa bisibisi moja tu. Ya tano ni joto: feni imejaa vumbi, na huku kwetu pwani upepo wa bahari unaleta unyevu na chumvi inayotafuna chuma. Dawa yake ni kuifungua, kuisafisha, na kupaka upya ule mnato wa kupitisha joto juu ya prosesa.

Mtaona kwamba katika sababu hizi tano hakuna hata moja inayosema nunua nyengine.

Kwa nini mwaka huu

Mtu anaweza kuuliza: mbona zilikuwa zikifanya kazi hivyo hivyo na hamkusema? Jawabu ni tarehe. Windows 10, ambayo ndiyo iliyomo katika laptopu nyingi tulizo nazo, ilitoka tarehe 29 Julai 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha kuihudumia. Mashine haikuzimika siku hiyo, inaendelea kuwaka. Kilichokoma ni viraka vya usalama vilivyokuwa vikiletwa kila mwezi kuziba matundu wanayopitia wezi na virusi. Kwa watumiaji wa kawaida waliojiandikisha uliwekwa muda wa ziada hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Zilizobaki na Windows 7 ziliachwa tangu tarehe 14 Januari 2020.

Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, ina masharti yake. Inataka RAM ya gigabaiti 4 au zaidi, diski ya gigabaiti 64 au zaidi, kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na prosesa iliyo katika orodha yake. Kwa Intel, karibu zote ni za kizazi cha nane na kuendelea, yaani kuanzia kiasi cha mwaka 2017. Laptopu ya mwaka 2014 hata ikiwa imetunzwa kama yai haipokelewi. Zipo njia za kuruka uzio, na mafundi wanazijua, lakini Microsoft yenyewe inasema mashine iliyoingizwa kwa njia hiyo haina haki ya kupata masasisho. Kwa chumba cha skuli hatukushauri.

Na iko njia nyengine ambayo tunaijua zaidi kuliko tunavyoisema: windo za kuchakachua. Unapewa Windows pamoja na kiprogramu cha kuvunja kufuli la leseni, na sharti la kwanza la kiprogramu hicho ni kwamba uzime kinga ya virusi. Umemwambia mlinzi alale, kisha umemfungulia mlango usiyemjua. Wengi wetu tumeyaona matokeo: flashi inachomekwa kwenye kompyuta moja, mafaili yote yanageuka kuwa vijialama visivyofunguka, kisha flashi hiyo hiyo inakwenda ofisini, kwa mwalimu anayetunga mtihani, na kwa mwanafunzi mwenye kazi yake ya mwaka mzima.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Leo kijana wa Matemwe akitaka kazi ya Serikali ya Mapinduzi ataiomba kwa mtandao, kupitia ZanAjira. Akitaka mkopo wa chuo ataujaza kwa mtandao. Hoteli zimejipanga ufukweni kwetu, na mapokezi yake, hesabu zake na stoo zake zinaendeshwa kwa kompyuta. Mtoto aliyemaliza skuli bila kuigusa kibodi atapata kazi ya kufagia mchanga mbele ya hoteli iliyojengwa pembeni ya shamba la babu yake. Kufagia ni kazi ya halali na hatuidharau. Tunachokataa ni kwamba iwe ndiyo pekee anayoiweza, kisa kompyuta ya skuli ilikuwa kabatini ikingoja tanga.

Njia mbili halali

Njia ya kwanza: kama laptopu inapokelewa na Windows 11, basi ipigwe Windows 11 safi. Hapa iko faida ambayo wengi hawaijui. Mashine nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 au 10 zina leseni iliyohifadhiwa ndani ya ubao wa mashine yenyewe. Ukifuta kila kitu na kuweka upya toleo lile lile, huulizwi kununua. Mashine inajitambulisha ikishaunganishwa na intaneti. Hakuna haja ya kuchakachua kitu ulichokwishalipiwa.

Njia ya pili ni kwa zile zilizokataliwa, na hizo ndizo nyingi: kuweka Linux. Jina hili likitajwa, watu husema hicho ni kitu cha wataalamu. Tunawaomba mtoe simu mifukoni. Android imejengwa juu ya Linux, kwa hiyo wengi mliomo ukumbini mnaitumia tangu asubuhi. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Ni mfumo wa bure, kila mtu anaruhusiwa kuunakili na kumpa jirani, bila kufuli na bila kuvunja kufuli. Ubuntu, moja ya aina zake zinazojulikana sana, ilitoka mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu utu.

Aina tunayoipendekeza kwa skuli na vikundi ni Linux Mint, iliyoanza mwaka 2006. Sura yake inafanana na Windows tuliyoizoea: kitufe cha menyu chini kushoto, saa chini kulia. Inakubali RAM ya gigabaiti 2, ingawa 4 ndiyo raha, na diski ya gigabaiti 20. Inakuja na LibreOffice, ambayo inaandika barua, inapiga hesabu za majedwali, na inafungua mafaili ya Word na Excel. Wala lugha yetu si mgeni katika ulimwengu huo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na ukoo wa programu ile ile ndio uliozaa LibreOffice mwaka 2010.

Hatutaki kuuza mbuzi kwenye gunia, basi na mapungufu tuyaseme. Faili la Word lenye mapambo mengi linaweza kuyumba mistari likifunguliwa kwa LibreOffice. Kwa hiyo barua ya kupelekwa ofisini ihifadhiwe kwanza kama PDF. Zipo programu za uhasibu na baadhi ya printa ambazo zinataka Windows tu. Kwa sababu hiyo pendekezo letu ni kwamba kila chumba kiwe na mashine mbili tatu zenye Windows halali, na zilizobaki ziwe Linux. Mtoto azijue zote mbili, kama anavyojua kupiga kasia na kuendesha kwa tanga.

Kazi yenyewe inavyokwenda

Tunaieleza kazi kwa mpangilio ili kila mmoja aone kwamba haina uchawi, na kwamba kijana wa kidato cha tatu mwenye utulivu anaweza kuifanya.

Kwanza, kuiuliza mashine habari zake: prosesa gani, RAM kiasi gani, diski ya aina gani na ina afya gani. Haya huandikwa katika daftari, kila laptopu na ukurasa wake.

Pili, kunakili mafaili ya mwenyewe kwenye diski ya nje, kisha kuyafungua huko mawili matatu kuhakikisha kweli yamefika. Hapa hapana haraka. Kupiga windo kunafuta kila kitu, na picha za harusi hazina duka zinakouzwa.

Tatu, kutengeneza flashi ya kuwekea mfumo. Faili la Linux Mint ni karibu gigabaiti 3. Hupakuliwa mara moja mjini penye mtandao mzuri, likathibitishwa kwa ile namba ndefu ya ukaguzi inayotolewa na watengenezaji, likaandikwa kwenye flashi. Kuanzia hapo flashi moja inatosha kupiga mashine ya kwanza mpaka ya hamsini, bila bando hata la shilingi mia.

Nne, kuwasha laptopu kutoka kwenye flashi. Dell, Lenovo na Toshiba nyingi hutaka F12 mara tu zinapowaka. HP hutaka Esc au F9. Uzuri wa Linux Mint ni kwamba inakuruhusu uionje kabla ya kuiweka. Mfumo unaendeshwa kutoka kwenye flashi, diski haijaguswa. Unajaribu wifi, sauti, kamera na kila herufi ya kibodi. Kama kitu hakikubali, unakijua kabla hujafuta.

Tano, kuweka. Unachagua lugha, kibodi, na majira ya saa. Sisi huchagua Dar es Salaam. Kwa mashine yenye SSD kazi hii huchukua chini ya saa moja, na sehemu kubwa ni ya kusubiri.

Sita, kuvisha: masasisho, printa, na vitabu. Ipo programu ya Kiwix inayobeba Wikipedia nzima ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ikasomeka bila intaneti. Ipo Kolibri, inayohifadhi masomo na mazoezi katika kompyuta moja, na nyengine zikasoma kutoka kwake kwa wifi ya mle mle chumbani. Kwa skuli ambayo bando lake linakwisha kabla ya wiki, hii ni maktaba.

Umeme nao una neno lake. Ukikatika katikati ya kazi, mashine isiyo na betri inaachwa nusu, na kazi inaanza upya. Wazee wetu hawajalisahau giza la Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu Unguja nzima bila umeme wa gridi. Laptopu yenye betri inayoshika saa moja ni bora kwetu kuliko kompyuta kubwa ya mezani yenye nguvu mara mbili, na SSD inakula umeme mdogo kuliko diski ya kuzunguka.

Iko pia betri nyengine isiyojulikana: kidonge kidogo kama sarafu, kwa jina CR2032 katika nyingi, kinachoilinda saa ya mashine. Kikifa, laptopu inaamka ikidhani ni mwaka 2010, na kurasa za mtandao zinakataa kufunguka kwa sababu tarehe hazilingani. Watu husema mtandao mbovu. Pengine ni kidonge tu.

Zisizofufuka

Zipo tutakazoziacha. Laptopu ambayo ubao wake umeliwa na maji ya chumvi, gharama yake haifai. Zile za zamani sana zenye prosesa za biti 32 zimeachwa na Linux Mint tangu toleo la 20 la mwaka 2020. Hizo zinaweza kutoa skrini, RAM na bisibisi zake kwa wenzake. Na betri iliyovimba ni hatari: haichajiwi, haitobolewi, haichomwi. Ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe, maji yanapita humo upesi mpaka visimani, kwa hiyo takataka za betri na mbao za kompyuta tunazozitupa shimoni leo ndizo tutakazozinywa kesho. Tunaomba zikusanywe pahala pamoja, zipelekwe mjini kwa wanaozipokea.

Kwa nini Matemwe na si mjini

Mafundi wa Darajani ni hodari na wengi ni vijana wetu. Hatuna ugomvi nao. Lakini tazameni safari ya laptopu moja ya kikundi cha mwani. Mama anapanda gari ya 118, analipa nauli kwenda na kurudi, anapoteza siku ya bamvua ambayo angekuwa kwenye kamba zake. Anaiacha mashine kwa wiki, anarudi kuifuata. Amepewa windo, hajui ni halali au ya kuchakachua, na mafaili ya hesabu za kikundi hayamo tena. Miezi sita baadaye virusi vimerudi, na safari inaanza upya. Mwisho anaiweka kabatini na kurudi kwenye daftari la karatasi.

Kinachokosekana katika habari hii ni mtu: jirani anayejua kazi hii, anayeweza kuulizwa jioni baada ya sala ya alasiri, na ambaye akikosea anajua kwamba atakutana nawe kesho kisimani. Mashine zimewahi kuletwa huku kwa wingi wa huruma, zikaharibika moja moja, kwa sababu kila mara tulipokea chombo bila fundi. Tukichanga mwaka huu tununue laptopu mpya kumi, miaka mitano ijayo tutakuwa na laptopu kongwe kumi zaidi na kabati kubwa zaidi. Tukimfundisha fundi, hata laptopu mpya zitakapokuja siku moja zitamkuta yupo.

Kwa ndugu zetu wa mbali

Nyinyi mlioko Maskat, Dubai, Copenhagen, London na kwengineko, mmekuwa mkituma kompyuta mlizokwishatumia, na Mungu awalipe. Tunaomba mambo matano kabla hamjaifunga kwenye sanduku.

Toeni akaunti zenu. Laptopu ya Apple iliyofungwa na akaunti ya mwenyewe haifunguki hata fundi awe nani.

Ondoeni neno la siri la BIOS, na kama ilikuwa ya kazini, hakikisheni kampuni imeifuta katika orodha yake. Mashine nyengine hata ukiipiga upya, ikishika mtandao inarudi kumuulizia mwajiri.

Tieni chaja yake. Laptopu bila chaja ni ngalawa bila kasia.

Angalieni kibodi. Ya Oman haina tabu, ina herufi za Kiarabu na za Kilatini pamoja. Ya Ujerumani ina Z mahali pa Y. Mtoto anayejifunza ataandika jina la Zanzibar na kupata Yanyibar.

Futeni diski, au mtuachie sisi tufute. Kufuta faili kwa kawaida hakuliondoi kwa kweli. Tunaahidi kwamba diski yoyote itakayofika itaandikwa juu yake mwanzo mpaka mwisho kabla haijamfikia mwengine. Pasipoti na hesabu zenu za benki hazitasomwa Matemwe.

Tunachoomba

Ombi letu limegawika mafungu matatu, na kila mtu anaweza kuchagua lake.

Fungu la vifaa: diski za SSD za gigabaiti 240, vipande vya RAM vya gigabaiti 4, flashi za gigabaiti 16, diski moja ya nje ya terabaiti 1 ya kunakilia mafaili, vidonge vya CR2032, seti mbili za bisibisi ndogo, na mnato wa prosesa. Bei ya SSD moja ni sehemu ndogo tu ya bei ya laptopu mpya. Anayeweza kuleta kitu badala ya fedha, alete kitu.

Fungu la watu: nauli na posho ya vijana wawili kutoka kila shehia, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wajifunze kazi hii kwa vitendo, kisha kila mmoja awafundishe wawili wengine. Wanachama wetu mnaofanya kazi za kompyuta mjini, tunawaomba Jumamosi zenu chache. Mjuzi mmoja mwenye subira ni mchango mkubwa.

Fungu la mwisho halina gharama: fungueni makabati yenu. Kila mwenye laptopu iliyolala nyumbani aiandikishe kwa sheha wake au kwa mwalimu mkuu, hata kama anaitaka arudishiwe. Ikipona atairudishiwa. Kama hana haja nayo, itakwenda skuli kwa jina lake.

Hesabu za fungu la kwanza na la pili zitabandikwa wazi skuli na kwa masheha, risiti kwa risiti, na daftari la mashine litakuwa wazi kwa kila mwanachama: ipi ilikuja, ilikuwa na tatizo gani, ilitengenezwa nini, iko wapi leo. Mkutano wa mwakani mtatuuliza kwa daftari hilo.

Ndugu zetu, hatutoki katika kijiji kinachotupa vitu. Kamba ya mwani ikikatika tunaiunga, wavu ukipasuka tunaushona kivulini, na mlango wa bibi tunauhamishia nyumba mpya. Hii ni kazi ile ile kwa chombo kipya. Kadi za ahadi ziko katikati ya kitabu hiki, na Mwekahazina yupo meza ya mlangoni mpaka wa mwisho atakapoondoka.

Mwenyezi Mungu atubarikie tulichonacho, na atujaalie wepesi katika kukitunza. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.